Meli Zilizokwisha Kabla ya Kung'oa Nanga: Ajali Nne za Miaka ya 1850

Mkuu wa chuo, walimu, manahodha na mafundi mitambo mliofika, na ninyi vijana mnaosomea kazi ya bahari: hamjambo, na asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie ajali za majini za katikati ya karne ya 19. Zilikuwa nyingi mno, kwa hiyo nimechukua nne tu: Birkenhead iliyozama Februari 1852, Tayleur ya Januari 1854, Arctic ya Septemba mwaka huohuo, na Royal Charter ya Oktoba 1859. Zote zilikuwa meli za kujivunia. Hakuna hata moja iliyokuwa mkweche. Na katika kila moja, mwamba au ukungu au dhoruba ilikuja kumalizia kazi iliyokwisha kuanzwa nchi kavu: kiambaza kilichotobolewa, pini iliyoshika kutu, dira isiyopimwa, mashua zisizotosha. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo, kitu kwa kitu.

Kumbukeni ule ulikuwa wakati gani. Kwa karne nyingi merikebu ilikuwa mbao na tanga. Kisha, katika umri wa nahodha mmoja, mbao zikawa chuma na tanga likaongezewa mvuke. Vyombo vikawa virefu, vizito, vyenye mwendo mkali. Lakini dira, mashua, nanga na mazoea ya sitahani yakabaki yale ya merikebu za mbao. Watu walizama katika mwanya huo.

Tuanze na Birkenhead. Ilijengwa na kiwanda cha John Laird katika mji wenye jina hilohilo, ng'ambo ya Liverpool, ikashushwa majini Desemba 1845. Ilikuwa na urefu wa mita 64, mwili wote wa chuma, na magurudumu mawili ya makasia, moja kila ubavu. Ilikusudiwa iwe manowari, na tumbo lake liligawanywa vyumba kwa viambaza vya chuma visivyopitisha maji, jambo geni na zuri kwa siku zile. Baadaye ikageuzwa kuwa meli ya kuchukulia askari. Sasa, askari wanataka nafasi ya kutembea, wanataka mwanga na hewa huko chini. Basi viambaza vikakatwa, vikatiwa nafasi za kupita. Ukitazama michoro, viambaza vilikuwapo. Kwa kazi yake, havikuwapo tena.

Mwanafunzi asiyeelewa kwa nini hilo ni kubwa aseme sasa, maana mengine yote yanajengwa juu yake. Maji yakiingia chumba kimoja kilichofungwa, meli inazama kidogo upande ule, kisha inatulia, kwa sababu vyumba vingine bado vinaelea. Kiambaza chenye tundu kubwa hakipunguzi hatari kwa nusu wala kwa robo. Kinachelewesha tu, na mara nyingi ni kwa dakika chache.

Tarehe 25 Februari 1852, jioni, meli iliondoka Simon's Bay, Afrika Kusini, ikiwa na watu kama 640, wengi wao askari wapya waliopelekwa kwenye vita vya Waingereza dhidi ya Waxhosa. Ilikuwa inakwenda Algoa Bay. Nahodha Robert Salmond alitakiwa kufika haraka, akashika njia ya karibu na pwani, maili tatu hivi. Mwendo ulikuwa noti 8 na nusu, yaani maili za bahari 8 na nusu kwa saa. Usiku ulikuwa mzuri, bahari ina wimbi refu la kawaida.

Karibu saa nane usiku mpima kina alitupa bildi, ile kamba yenye risasi nzito ya kupimia kina, akapata pima 12, yaani mita 22. Kabla hajatupa mara ya pili, meli ikapanda mwamba mbele ya Danger Point, karibu na palipo na mji wa Gansbaai leo. Hapo pana hesabu ambayo kila anayetumia bildi lazima aifanye. Noti 8 na nusu ni zaidi ya mita 260 kwa dakika, yaani mara nne ya urefu wa meli ile. Mtu anayetupa bildi, kuisoma kamba, kuivuta na kuiandaa tena, anatumia muda huo au zaidi. Kwa hiyo bildi ilikuwa inamwambia nahodha habari za mahali alipokwisha kupita. Bildi inafaa ukiwa umepunguza mwendo, na inafaa zaidi chini ikiwa inapanda polepole, mchanga au tope. Ndiyo maana mabaharia walipaka mafuta mgando kwenye shimo la chini ya risasi, ili ilete juu mchanga au vipande vya kombe wajue wako wapi. Mwamba unaosimama peke yake kama nguzo haukupi ishara ya mapema. Baada ya kugonga walipima tena: pima 2 chini ya omo, yaani mbele ya meli, pima 11 chini ya tezi, yaani nyuma.

Salmond aliamuru nanga ishushwe, mashua zitengenezwe, na mitambo irudishe meli nyuma. Amri ya mwisho ndiyo iliyoua wengi. Meli iliyokaa juu ya mwamba, mwamba wenyewe unaziba sehemu ya tundu. Ukiivuta, unachomoa kizibo. Birkenhead ilipojivuta, maji yakamiminika, na ilipogonga mara ya pili mabamba ya chini yakachanika hadi chumba cha mitambo. Zaidi ya askari 100 walifia kwenye vitanda vyao vya kuning'inia katika sitaha ya chini kabla ya kujua kilichotokea. Amri ya kurudi nyuma inakuja mdomoni haraka kwa nahodha yeyote aliyepanda mwamba. Kwanza pimeni maji katika ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, pimeni kina pande zote, tazameni maji yanapanda au yanashuka, jueni ukubwa wa jeraha. Baada ya hapo ndipo mseme na mitambo.

Sasa mashua. Meli ilikuwa na mashua nane. Zilizofanya kazi ni tatu: mbili za ukubwa wa kati na moja ndogo. Mashua kubwa kupita zote zilikuwa zimewekwa kifudifudi juu ya majumba ya magurudumu. Katika moja, pini ya mkono wa kuteremshia ilikuwa imeshikwa na kutu, na winchi zilikuwa zimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka hadi zikagandamana. Walipokuwa wanahangaika nayo, omo ikakatika, dohani ikaanguka juu ya watu waliokuwa kazini. Mashua nyingine kubwa ilijaa maji mara ilipogusa bahari. Dakika 25 hivi baada ya kugonga, meli ilikuwa imekwisha. Kati ya watu wote, waliookoka ni 193, wakiwemo wanawake 7 na watoto 13, ambao wote walitiwa katika mashua mapema.

Dunia imekumbuka jinsi askari wa Luteni Kanali Alexander Seton walivyosimama katika safu ili wasizipindue mashua za wanawake na watoto. Walistahili kukumbukwa. Lakini sifa hiyo imefunika kutu. Mtu aliyepaka rangi juu ya winchi pengine alisifiwa na mkaguzi kwa usafi wa meli. Winchi ya mashua haijui usafi, inajua kuzunguka. Lazima izungushwe, mashua iteremke hadi majini ikiwa na uzito ndani yake, ipandishwe, kapi zipakwe grisi, kamba zitazamwe urefu wake wote. Rangi iliyoziba mahali panapozunguka ikwanguliwe yote.

Tayleur ni habari nyingine, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu pale adui alikuwa mwili wa meli yenyewe.

Ilikuwa merikebu ya tanga, ya chuma, iliyojengwa Warrington na kushushwa majini Oktoba 1853. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Australia na watu walikuwa wanagombania nafasi, kwa hiyo haikupata muda wa majaribio ya maana. Tarehe 19 Januari 1854 iliondoka Liverpool kwenda Melbourne, safari yake ya kwanza, na zaidi ya watu 600. Mabaharia walikuwa 71, lakini waliojua kazi walikuwa kama nusu tu. Wengine walikuwa wanatafuta njia ya kufika Australia bila kulipa nauli, na wengine hawakuelewa Kiingereza, lugha ya amri. Kamba zilikuwa mpya, hazijavutwa zikanyooka, kwa hiyo zilikwama katika kapi na matanga yakashindwa kukunjwa upesi upepo ulipozidi. Usukani ulikuwa mdogo kwa meli ya ukubwa ule, haikugeuka ilipotakiwa kugeuka. Kila moja ya kasoro hizi ingeweza kuvumilika peke yake katika hali ya hewa njema.

Na dira zilikuwa zinadanganya. Nahodha John Noble aliamini anateremka kusini katikati ya Bahari ya Ireland. Kwa kweli alikuwa anakwenda magharibi, moja kwa moja kuelekea Ireland. Siku mbili baada ya kuondoka, katika ukungu na upepo mkali, kisiwa cha Lambay kikatokea mbele yao, upande ambao upepo ulikuwa unawasukumia. Walitupa nanga zote mbili na minyororo yote miwili ikakatika. Meli ikagonga majabali karibu kabisa na nchi kavu, kiasi kwamba waliolaza mlingoti na kutupa kamba waliweza kuvuka. Zaidi ya watu 300 walikufa. Kulikuwa na wanawake zaidi ya 100 na waliookoka ni 3. Mavazi mazito yenye tabaka nyingi yaliwashusha chini, na njia ya kutokea ilikuwa kupanda kwenye kamba.

Kwa nini dira ya meli ya chuma hudanganya? Bamba la chuma likigongwa nyundo, nalo limelala katika nguvu ya sumaku ya dunia, linapata sumaku. Meli ya chuma ya wakati ule ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya ribiti, ile misumari minene ya kuungia mabamba, na kila ribiti ilipigwa nyundo. Kwa miezi meli ililala katika uwanja wa ujenzi ikielekea upande mmoja, ikapigwa, na ikatoka pale ikiwa sumaku moja kubwa. Upande ulioelekea wakati wa kujengwa ndio uliopanga ncha zake zikae wapi. Kwa hiyo meli mbili pacha, zilizojengwa kwa michoro ileile lakini moja imeelekea kaskazini na nyingine mashariki, zina makosa tofauti ya dira. Na kosa hilo hubadilika kila meli inapogeuka: likiwa digrii 5 ukienda kusini, laweza kuwa 20 ukienda magharibi.

George Airy, mkuu wa kituo cha nyota cha Greenwich, alilifanyia kazi jambo hili mwaka 1838 kwa meli ya chuma iitwayo Rainbow. Dawa yake ilikuwa kuweka sumaku na vipande vya chuma laini karibu na dira, vikipingana na nguvu ya meli hadi sindano ionyeshe sawa. Ilifanya kazi vizuri, na bado tunaitumia. Lakini William Scoresby, aliyekuwa nahodha wa kuwinda nyangumi kabla ya kuwa mchungaji na mtaalamu wa sumaku, aliona kasoro. Sumaku inayotokana na nyundo haijatulia. Meli mpya ikipigwa na mawimbi kwa siku chache, sehemu ya nguvu ile inapotea au inahama. Sasa fikirini: fundi amepima kosa la meli ikiwa bandarini, akafunga sumaku za kulifuta. Meli inatoka, inapigwa na bahari, kosa la kwanza linapungua, lakini sumaku za fundi ziko palepale. Dawa yenyewe inakuwa ugonjwa. Baada ya ajali ya Tayleur, Scoresby aliyasema haya hadharani Liverpool mwaka 1854, na mwaka uliofuata kamati ya dira ikaundwa mjini humo kuzipima meli za chuma.

Hesabu ya nahodha ni hii. Kosa la digrii moja, baada ya maili 60 za bahari, linakutoa nje ya njia kwa maili moja. Dira ya zamani iligawanywa sehemu 32, kila sehemu digrii 11 na robo. Kosa la sehemu moja tu baada ya maili 60 ni karibu maili 12. La sehemu mbili ni maili 23. Bahari ya Ireland kati ya Holyhead na Dublin haizidi sana maili 55. Kwa siku mbili za ukungu, bila jua na bila kuona pwani, hakuna nafasi ya kosa kama hilo.

Tiba iliyokubaliwa hatimaye ina sehemu tatu. Kwanza, meli inazungushwa polepole mahali patulivu, omo ikielekezwa kila upande wa dira kwa zamu, huku ikitazamwa alama ya mbali ambayo mwelekeo wake unajulikana hakika. Tofauti inaandikwa kwenye jedwali linalobandikwa karibu na usukani. Pili, dira ya kuaminiwa inawekwa mbali na chuma, na Scoresby alitaka iwe juu mlingotini. Tatu, kila siku jua likichomoza au kutua, dira inalinganishwa na mwelekeo wa jua uliokokotolewa kwenye majedwali. Hili la tatu halina gharama yoyote na ndilo linaloachwa kwanza.

Na msidhani ni mambo ya meli kubwa tu. Jahazi la mbao lililofungwa injini ya dizeli limepata chuma ambacho halikuwa nacho. Pipa la mafuta likihamishwa karibu na usukani, spika ya redio yenye sumaku ikiwekwa pembeni ya dira, simu ikilazwa juu ya kasha lake, sindano inahama, na nahodha haoni kitu kwa sababu chombo kinaendelea kwenda. Kila mnapofunga au kuhamisha chuma, dira ipimwe upya.

Arctic nitaieleza kwa ufupi zaidi. Ilikuwa meli ya Kimarekani ya kampuni ya Collins, mwili wa mbao, magurudumu ya makasia, miongoni mwa zenye kasi kuliko zote katika Atlantiki. Tarehe 27 Septemba 1854, karibu na Cape Race, Newfoundland, ilikuwa inakata ukungu kwa noti kama 13 ikitoka Liverpool kwenda New York. Ikagongana na Vesta, meli ndogo ya Kifaransa ya chuma. Omo ya Vesta ilibomoka kiasi kwamba Nahodha James Luce wa Arctic alidhani hiyo ndiyo inayokufa. Akateremsha mashua chini ya msaidizi wake wa kwanza iende kusaidia. Kisha akaambiwa maji yanaingia katika meli yake mwenyewe, matundu yako chini ya maji, na vipande vya chuma vya Vesta vimebaki vimechomoza ubavuni. Walijaribu kuziba kwa kutandika tanga kwa nje, lakini vile vyuma vilizuia tanga lisilale.

Vesta ilikuwa na kiambaza kizima nyuma ya omo. Wafaransa walikikaza kwa mbao na magodoro, wakakata mlingoti wa mbele na kutupa uzito ili omo iinuke, wakaenda polepole hadi St. John's na wakafika. Arctic haikuwa na kiambaza hata kimoja. Luce aliamua kukimbilia nchi kavu kwa nguvu zote za mitambo, maji yakapanda hadi moto wa boila ukazimika, na hapo pampu za mvuke nazo zikafa. Baada ya saa nne hivi meli ikazama.

Ndani yake kulikuwa na watu kama 400. Mashua zilikuwa sita, zenye nafasi ya watu wapatao 180 zikijazwa kabisa, na moja ilikwisha kwenda zake. Sheria ya wakati ule ilihesabu ukubwa wa meli, haikuhesabu vichwa vya watu. Hakuna aliyekuwa amepangiwa mashua yake. Wafanyakazi wa meli, hasa wa chumba cha boila, walizivamia, nyingine zikaondoka zikiwa na nafasi. Waliookoka hawakufika 90, wengi wao mabaharia. Hakuna mwanamke hata mmoja, wala mtoto hata mmoja. Mtoto wa Luce mwenyewe alikufa, baba akaokolewa.

Watu huilinganisha na Birkenhead na kusema wale walikuwa mashujaa, hawa waoga. Sikubaliani. Askari wa Birkenhead walikuwa na afisa mmoja waliyemtambua, nao walikwisha kuzoezwa kusimama mahali waambiwapo. Mpakia makaa wa Arctic hakuwa amewahi kuzoezwa kitu chochote cha mashua. Orodha ya nani anakwenda mashua ipi, nani anakamata kamba ya mbele na nani ya nyuma, nani anahesabu watu, ni kazi inayofanywa siku ya kwanza ya safari. Saa ya ukungu na kelele haiwezi kufanywa. Mwaka 1855 Matthew Fontaine Maury wa jeshi la majini la Marekani alipendekeza njia mbili katika Atlantiki, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, ili meli za mvuke zisikutane uso kwa uso. Wazo hilo limekua, na leo mnalikuta katika milango mingi ya bahari yenye msongamano.

Ya nne ni Royal Charter, na hapa jina la Scoresby linarudi. Mwaka 1856 alisafiri nayo hadi Australia kupima jinsi sumaku ya meli ya chuma inavyobadilika ukivuka ikweta kwenda kusini. Alikuwa sahihi, inabadilika. Alikufa mwaka uliofuata. Meli aliyopimia iliendelea miaka miwili zaidi.

Ilikuwa meli ya chuma ya tani 2,719, yenye matanga kamili na mtambo mdogo wa kusaidia wa nguvu ya farasi 200. Ilijulikana kwa kufika Melbourne kwa siku chini ya 60. Oktoba 1859 ilikuwa inarudi Liverpool na watu karibu 500, wengi wakitoka machimboni, na shehena ya dhahabu yenye thamani ya zaidi ya pauni 300,000. Tarehe 25 mchana ilipita mlango wa Holyhead, ambamo ingeweza kujikinga. Nahodha Thomas Taylor aliendelea. Usiku upepo ukageuka kutoka mashariki kwenda kaskazini-mashariki na ukazidi hadi kimbunga, na pwani ya Anglesey ikawa upande wa demani, yaani upande meli inakosukumwa. Rubani wa Liverpool, yule anayeongoza meli kuingia bandarini, hakuweza kupanda.

Kama saa tano usiku walitupa nanga zote mbili. Saa saba na nusu mnyororo wa kushoto ukakatika, na baada ya kama saa moja wa kulia. Hivyo ndivyo minyororo inavyokufa: ikiwa miwili, mzigo unagawanyika, mmoja ukikatika, wa pili unapokea mzigo wote pamoja na mshtuko wa meli iliyopata nafasi ya kurudi nyuma na kusimamishwa ghafla. Walikata milingoti ili upepo upate pa kushika padogo, mitambo ikaendeshwa mbele kwa nguvu zote. Nguvu ya farasi 200 haikuwa kitu. Mtambo ule uliwekwa kwa ajili ya kusukuma meli siku isiyo na upepo. Haukupimwa kwa ajili ya kuishikilia siku ya dhoruba, na abiria waliosoma neno mvuke katika tangazo la safari hawakulijua hilo.

Meli ilikaa kwanza kwenye mchanga, karibu na kijiji cha Moelfre. Maji yalipopanda yakaiinua na kuipiga kwenye majabali, ikavunjika vipande viwili, mita chache kutoka nchi kavu. Baharia Mmalta, Guże Ruggier, ambaye Waingereza walimwandika Joseph Rogers, aliogelea na kamba hadi ufukweni, kikatengenezwa kiti cha kamba, wachache wakavutwa. Waliookoka ni kama 40, wote wanaume. Waliokufa ni kama 450.

Dhoruba hiyohiyo iliharibu kabisa meli 133 katika pwani za Uingereza na kuua watu wapatao 800. Robert FitzRoy, aliyekuwa nahodha wa meli Beagle na wakati huo mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza iliyoanzishwa 1854, alikusanya vipimo vya upepo na kanieneo vya siku zile, akavipanga kwenye ramani. Dhoruba ilionekana waziwazi ikisogea kutoka mahali hadi mahali. Na kitu kinachosogea kinaweza kutanguliwa na simu ya waya, yaani telegrafu. Vikawekwa vituo 15 vinavyotuma vipimo London kila siku, na onyo la kwanza la dhoruba likatolewa Februari 1861. Bandarini lilionyeshwa kwa maumbo meusi ya turubai yanayoonekana kutoka mbali: koni yenye ncha juu, upepo mkali wa kutoka kaskazini; ncha chini, wa kutoka kusini; duara kama ngoma, upepo utakaobadili pande. Usiku, taa zikapangwa kwa umbo lilelile. Yeyote asiyejua kusoma aliweza kuelewa.

Huku kwetu simu ya waya ilikuwa bado. Dhoruba ya Aprili 1872 iliipiga Zanzibar bila onyo, ikazamisha merikebu za Sayyid Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879. Leo tahadhari ya upepo mkali inaweza kufika kwenye simu ya nahodha, Unguja hadi Mafia, kabla upepo haujafika.

Lakini tazameni kilichotokea mara tu onyo la FitzRoy lilipoanza. Siku chache baada ya lile la kwanza, bandari za kaskazini-mashariki ya Uingereza ziliingiwa na dhoruba, na vyombo vingi vilikuwa nje, kwa sababu wenye vyombo hawakuwa wamezoea kutii maumbo ya turubai. Tarehe 9 Februari 1861 mashua ya uokoaji ya Whitby ilitoka mara tano ikarudi na watu. Mara ya sita ilipinduka. Ndani walikuwa 13 na 12 wakafa. Aliyebaki, Henry Freeman, ndiye peke yake aliyekuwa amevaa jaketi jipya la kuelea, lililobuniwa mwaka 1854 na Kapteni Ward, mkaguzi wa mashua za uokoaji: vipande vyembamba vya gome jepesi linalotengenezwa vizibo, vimeshonewa kwenye turubai, vimepangwa kwa safu ili mtu aweze kuinama na kupiga kasia. Majaketi yalikwisha kuwapo kwa karibu miaka saba. Mabaharia waliona yanabana.

Nimewaletea kamba ya bildi yenye alama zake zote, iko mezani pale, na jedwali la mkengeuko wa dira, yaani makosa yake kwa kila upande, lililojazwa. Njooni mvishike, kisha tuendelee na maswali.